Kabla Hujaongeza Jani la Springi

Mwaka 2004 Toyota iliacha kuuza Hilux ndani ya Japani, na haikuirudisha huko mpaka 2017. Wajapani wengi hata hawakushtuka. Tulioguswa ni sisi tunaosubiri magari yaliyotumika yashuke bandari za Dar es Salaam na Mombasa, maana pikapu nyingi zenye usukani wa kulia zilitoka kule kule. Hilux mpya ipo kwa wakala, lakini kwa bei ambayo mwalimu au mkulima wa viazi haulizi, anapita tu. Kenya nayo haipokei gari lililotumika likishazidi miaka minane. Ndiyo maana zile za miaka ya tisini, zenye injini za dizeli za 2L na 3L, bado zinapanda Kitonga zikiwa na mzigo, na mwenye nayo akitangaza anauza, simu haipoi.

Basi watu wanaziboresha, na mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni pesa inapoanzia. Pita gereji yoyote ya uchochoroni utaona inaanzia mbele na juu: ngao, taa ndefu ya LED kwenye paa, snokeli isiyounganishwa na kitu chochote ndani, rimu pana, stika ya simba kwenye kioo. Ikibaki chenji, linaongezwa jani la springi nyuma ili gari libebe zaidi. Breki zitaangaliwa mwezi ujao. Mwezi ujao ukifika, karo za shule nazo zimefika.

Pikapu ilitoka kiwandani ikiwa kila kitu kimepimwa kulingana na kingine. Ukigusa kimoja umegusa viwili au vitatu usivyovijua. Ninachoshikilia ni kwamba maboresho ya bei nafuu yenye faida ni yale yanayoirudishia pikapu kile ilichopoteza kwa umri, na kwamba mengi tunayoyaita maboresho yanaipunguzia uwezo. Mfano mzuri kuliko yote ni hilo jani la springi.

Lala chini ya mojawapo ya Hilux hizi, upande wa nyuma, utazame juu ya ekseli. Kwenye nyingi utakuta fimbo nyembamba ya chuma, imeganda tope, upande mmoja imeshikwa kwenye ekseli na upande wa pili kwenye vali ndogo iliyofungwa kwenye chasisi. Mabomba ya breki za nyuma yanapita hapo. Kazi ya fimbo hiyo ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, chasisi iko juu, fimbo inaiambia vali ipunguze nguvu ya breki za nyuma, kwa sababu matairi ya nyuma ya pikapu tupu ni mepesi na yakibanwa ghafla yanajifunga, gari linageuka mkia mbele. Ukipakia, springi zinashuka, chasisi inaisogelea ekseli, fimbo inazunguka na vali inafunguka: sasa breki za nyuma zinapata nguvu kamili kwa sababu kuna uzito wa kuyakandamiza matairi barabarani.

Sasa ongeza majani mawili. Mwenye gari anapakia tani nzima ya ndizi Tukuyu na nyuma haijashuka hata vidole viwili. Anafurahi, anasema gari limekaza. Vali kule chini haijui habari za ndizi. Inaona chasisi iko juu, inaamini gari ni tupu, inabana breki za nyuma kama ilivyofundishwa. Gari lina tani mgongoni na linasimamishwa karibu lote kwa matairi mawili ya mbele. Pedi za mbele zinaisha haraka, diski zinapinda kwa joto, na lawama zinamwendea muuza spea kwamba siku hizi pedi zote ni feki. Nyingine ni feki kweli, lakini hata pedi halisi haiwezi kufanya kazi ya magurudumu manne.

Dawa yake ya kuanzia ni kipande cha flati baa chenye matundu mawili. Pima chasisi ilikuwa juu kiasi gani kabla ya kuongeza majani, na iko juu kiasi gani baadaye, gari likiwa tupu mara zote mbili. Tofauti hiyo ndiyo unayoinua kishikio cha fimbo kule kwenye ekseli, ili gari likiwa tupu vali irudi kusoma ilivyokuwa ikisoma. Kipande chenyewe kinapatikana kwenye vyuma chakavu vya fundi wa kuchomelea, na ukisimama vizuri kwa maneno hatakutoza. Nimeona mafundi wanaoikuta fimbo imekatika wakaifunga kwa waya wa kujengea, au wakaruka vali kabisa na kuunganisha bomba moja kwa moja. Hapo pikapu tupu inapewa breki za pikapu iliyosheheni. Subiri mvua ya kwanza.

Na jani hilo, kwa taarifa, halikuongeza uwezo wa kubeba. Limezuia tu springi kushuka. Beringi za magurudumu ni zile zile, dramu ni zile zile, chasisi ni ile ile yenye kutu kwenye maungio. Hata tairi lina kikomo chake kimeandikwa ubavuni: lile la 195R14C lenye namba 106 linabeba kilo 950, na hapo ni likiwa zima na lenye upepo wa kutosha. Karibu na hapo kuna namba nne za tarehe. Ukisoma 2415 ujue limetengenezwa wiki ya 24 ya mwaka 2015, hata kama muuzaji amelipaka weusi mpaka linang'aa.

Tusitoke kwanza chini ya gari. Breki za nyuma za pikapu hizi ni za dramu, na ndani ya kila dramu kuna kirekebishi chenye meno kinachosogeza breki shuu karibu na dramu kadiri zinavyolika. Kinachokisukuma, kwenye Hilux za vizazi hivyo, ni handibreki. Ukiivuta na nafasi imeshakuwa kubwa, jino moja linasogea. Mjapani aliyeibuni alimchukulia dereva kuwa mtu anayevuta handibreki kila anapoegesha.

Hakumjua utingo. Sisi handibreki tunayo, ila breki yetu ya kuegeshea ni gia pamoja na jiwe, na utingo hodari anaruka na jiwe lake kabla gari halijasimama sawasawa. Miaka kumi inapita handibreki haijaguswa. Waya wake unashika kutu ndani ya ala, vile vikono vidogo vinavyousukuma mfumo nyuma ya dramu vinaganda, kirekebishi kinalala. Shuu zinalika, nafasi inapanuka, pedali inaanza kwenda chini. Dereva anazoea kukanyaga mara mbili. Akienda gereji anauziwa masta silinda.

Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe Jumamosi asubuhi. Piga jeki, kisha weka gari juu ya stendi au magogo mazito, usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Toa tairi. Dramu ikigoma kutoka, weka nyundo chini kwanza. Wengi wanaipasua ukingo kwa kuigonga. Futa uso wake kwa brashi ya waya utaona matundu mawili madogo yenye nyuzi. Chukua boliti mbili za milimita 8, zile za kichwa cha spana namba 12, zungushia moja kila tundu, kaza huku kidogo na kule kidogo. Dramu inajisukuma yenyewe nje kwa adabu. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, lioshe kwa maji, maana shuu za zamani nyingine zilikuwa na asbesto. Fungua vile vikono vilivyoganda, visafishe, vipake grisi ya kuvumilia joto, kidogo sana na mbali na shuu. Rudisha, zungusha kirekebishi mpaka dramu iguswe kwa mbali, funga tairi, kisha vuta handibreki mara kadhaa. Jiwe la utingo libaki kwenye gari; sasa litakuwa la akiba.

Ukishafika hapo, badilisha na mafuta ya breki. Chupa ya DOT 3 ni bei ya soda chache. Mafuta haya yanakunywa unyevu wa hewa: yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, yakishakunywa maji kiwango kinashuka kuelekea 140. Ukishuka Sekenke na mzigo, mguu ukiwa kwenye pedali muda wote, nyuzi 140 si mbali.

Jambo la pili linalonikera zaidi ya yote ni taa.

Mwenye pikapu ya zamani analalamika kwamba taa zake ni hafifu, na analalamika kweli. Anapelekwa dukani ananunua balbu za LED zenye feni ndogo kwa nyuma, anazichomeka kwenye taa zilizobuniwa kwa balbu ya kawaida. Ndani ya taa ile kuna kioo kilichopindwa kwa hesabu, kikitegemea waya wa balbu uwe umekaa mahali pamoja maalumu, kwa urefu maalumu. LED ina umbo jingine na mwanga wake unatoka pengine. Kioo kinautupa hovyo. Dereva anaona weupe mwingi mita ishirini mbele yake, anaamini ameona mbali. Anayekuja mbele yake haoni kitu. Kutana na pikapu ya namna hiyo usiku kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni, uniambie kama uliona ukingo wa barabara, achilia mbali nyati. Trafiki anayesimamisha basi kwa ajili ya kizima moto kilichopitwa na wakati anaipungia mkono pikapu hii ipite.

Kumbe mara nyingi balbu ya zamani haikuwa na kosa. Ilikuwa na njaa. Nunua multimita, hata ile ya njano ya bei ya chini kabisa. Haizidi lita kumi za dizeli. Washa injini, washa taa, pima kwenye betri: utapata volti 14 hivi. Kisha pima kwenye plagi ya balbu yenyewe, ikiwa inawaka. Ukikuta 11.8 ujue volti mbili na ushee zinapotelea njiani, kwenye nyaya nyembamba za miaka thelathini, kwenye fyuzi yenye kutu, kwenye swichi ya usukani iliyochoka. Na mwanga wa balbu hizi haushuki sawa kwa sawa na umeme. Volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua kama asilimia 30. Kwa upungufu huo wa volti mbili, karibu nusu ya mwanga uliolipia umebaki kwenye nyaya ukizipasha moto.

Anza na athi. Fungua waya hasi wa betri unaposhika bodi na unaposhika injini, kwangua rangi na kutu mpaka chuma cheupe, kaza, paka grisi juu. Pima tena. Wakati mwingine kazi inaishia hapo na hujatumia hata shilingi. Kama haitoshi, weka rilei mbili: waya mnene wa milimita 4 za mraba kutoka betri, fyuzi karibu kabisa na betri, rilei, mpaka kwenye balbu, nyaya za zamani zibaki za kutoa amri tu. Hapa kuna mtego. Kwenye Toyota nyingi za umri huu umeme chanya unaifikia balbu moja kwa moja, na swichi ya fulu na dimu inafunga upande wa athi. Fundi aliyezoea magari yanayofunga upande wa chanya ataunganisha rilei kama alivyozoea, na taa zitafanya vituko: fulu na dimu kuwaka pamoja, au taa ya bluu kwenye dashibodi kuwaka kinyumenyume. Pima kwanza ni upande gani unaokatwa, ndipo ukate waya.

Balbu iwe H4 ya kawaida ya wati 60 kwa 55. Kisha elekeza taa, jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, pakavu na pa usawa, washa dimu. Mstari wa mwanga ushuke sentimita 5 au 6 chini ya urefu wa kitovu cha taa. Kama kawaida yako ni kutembea na mzigo, pima ukiwa na mzigo, kwa sababu nyuma ikishuka pua inainuka na dimu yako inakuwa fulu ya wenzako.

Kuhusu kuchemsha nitasema kwa kifupi, ingawa ndiko injini nyingi zinakofia. Kuna imani iliyoenea kwamba nchi ya joto haihitaji themostati, na fundi anaitoa kama anayeng'oa jino bovu. Themostati ya kawaida ya injini hizi inafunguka kwenye nyuzi 82. Ukiitoa, asubuhi ya Njombe injini inatembea kilomita nyingi ikiwa baridi, inakunywa dizeli na kulika ndani. Na tatizo la kuchemsha liko pale pale, maana halikuwa la themostati. Tazama kifuniko cha rejeta: kikishika presha yake ya kawaida ya baa 0.9, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Springi yake ikichoka, maji yanachemka kama yaliyo kwenye sufuria, na Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, sufuria inachemka kwenye nyuzi 94. Kifuniko kipya ni bei ndogo kuliko gasketi ya silinda hedi kwa mbali sana.

Kisha tazama feni. Je, lile kava la plastiki linaloizunguka lipo? Kwenye pikapu nyingi lilivunjika zamani likatupwa, kwa sababu gari lilitembea bila hilo. Lilitembea, ndiyo, lakini feni isiyo na kava inavuta hewa ya moto kutoka pembeni ya injini badala ya kuvuta hewa kupitia rejeta, hasa mnapopanda mlima taratibu. Fundi bati anayetengeneza majiko na ndoo anaweza kukukatia la bati kwa kufuata kipimo, likae vidole viwili mbali na ncha za feni. Halitakuwa zuri kwa macho. Na rejeta isijazwe maji ya kisima yenye chumvi.

Mengine ni madogo. Fungua kikoki chini ya filta ya dizeli utoe maji, hasa baada ya kujaza mafuta kituo usichokijua. Kataa kupuliziwa oili chafu chini ya gari pale kwenye kuoshea. Inang'arisha chasisi kwa siku mbili na kulainisha mpira wa bushi na hosi za breki kwa miaka. Bandika stika za kuakisi mwanga nyuma, nyekundu, za kutosha, maana taa za nyuma zitazima siku moja na hutajua.

Najua pingamizi lililopo. Kwetu mkono wa fundi ni rahisi; kwa nini mtu mwenye shughuli zake ajipake grisi? Huko Marekani au Australia watu wanajifanyia wenyewe kwa sababu saa ya fundi ni ghali. Hapa saa ya fundi ni rahisi mno, na hapo ndipo tatizo letu linapoanzia. Kwa desturi tunamlipa fundi kwa kitu alichofunga. Kuangalia ni bure. Akitumia saa mbili na multimita, akagundua athi imeshika kutu, akaikwangua, atapata shukrani na buku mbili za maji. Akikuuzia alteneta atapata ujira wa kufunga na cha juu kutoka dukani. Usishangae basi kwamba kila ugonjwa gerejini unatibiwa kwa spea. Mtu mwenye njaa hawezi kukushauri usinunue.

Nilimwambia fundi mmoja nitamlipa kukagua breki zote nne na kuniandikia alichokuta, bila kufunga wala kubadilisha kitu. Alinitazama kama niliyesema Kireno.

"Mzee, kuangalia tu sasa nikutoze nini?"

"Taja, fundi. Kazi ni kazi."

Alitaja bei ndogo kuliko seti ya pedi, na tukakubaliana. Alikaa chini ya gari karibu asubuhi nzima. Karatasi aliyonipa, imejaa grisi, ilikuwa na vitu vitano, na viwili tu ndivyo vilivyohitaji kwenda dukani: hosi moja ya mbele iliyoanza kupasuka na raba za silinda ya gurudumu la kushoto nyuma. Vitatu vilivyobaki vilikuwa vya kusafisha, kukaza na kurekebisha, na hivyo nilivifanya mwenyewe uani, mwanangu akishika tochi. Kwa utaratibu wetu wa kawaida ningeuziwa vyote vitano, na fundi angekuwa na haki ya kuniuzia, kwa sababu nisingekuwa nimemlipa kwa kuniambia ukweli.